Cherehani ya Rehani: Mchwa Hawaishi Baharini

"Cherehani hiyo ilizama na mume wangu."

Maneno hayo ndiyo tuliyolala nayo tangu wiki iliyopita, msomaji wangu. Bi Dija alikuwa amesimama barazani kwa Mwalimu Vaileth, pale Bagamoyo, kanga zake mpya za kupindwa zimemwanguka miguuni. Vaileth alikuwa amechuchumaa juu ya mkeka, kitambaa cha mafuta ya taa mkononi. Mbele yake ilikuwepo ile cherehani kuukuu ya mkono aliyoinunua kwa muuza vyuma chakavu wa Mapinga.

Wasichana wengine wa umri wake hukusanya viatu. Vaileth hukusanya cherehani zilizokufa. Huzifungua skrubu moja moja, huzisugua kutu, huzitia mafuta, mpaka siku moja sindano ishuke na kupanda tena. Hazimwingizii chochote. Anaipenda tu ile dakika chuma kinapokubali.

Leo alitamani angekuwa anakusanya viatu.

"Shikamoo, Bi Dija," alisema, ingawa walikwisha kuamkiana.

"Marahaba. Umeitoa wapi?"

"Mama, cherehani za namna hii zinafanana. Zote nyeusi, zote zina maua ya dhahabu..."

"Nisogezee."

Bi Dija akaketi. Maua hakuyatazama hata kidogo. Alishika kishikio cha gurudumu, kile cha kuzungushia, cha mpingo. Kidole chake cha shahada kikapapasa, kikakuta kishimo kidogo, kikatulia humo.

"Rehani alikatwa kidole hiki na panga akiwa mtoto," alisema. "Kilibaki kipande. Kishikio cha kiwandani kikawa kinamteleza, ndipo akachonga hiki mwenyewe, akakitia kishimo ili kile kipande kipate pa kukaa. Nilikuwa nimeketi ubavuni pake akichonga. Binti yetu Habiba yuko tumboni."

Asubuhi ile ile Vaileth alikuwa ameanza kukipiga msasa kishikio hicho. Kishimo alikidhania ubovu. Bi Dija angechelewa mpaka alasiri, mpingo ungekuwa umelainika na kupakwa vanishi, na alama ya kidole cha Rehani imekwisha duniani.

Aliusukuma msasa chini ya mkeka.

Watu wazima wa Bagamoyo wanaikumbuka habari ya Rehani fundi. Wakati Habiba anatambaa, Rehani alifunga safari kwenda Unguja kushona kanzu za Idi, cherehani begani. Rafiki yake Masoud akarudi kusema amemsindikiza mpaka kwenye boti ya mizigo. Boti ikapinduka mkondoni. Wengine walionekana, Rehani hakuonekana. Akasaliwa swala ya ghaibu, maana maiti haikuwepo. Bi Dija akakaa eda, akatoka. Baadaye akaolewa na Masoud huyo huyo, na ndiye mumewe mpaka leo.

"Mama," Vaileth alisema taratibu, "hii cherehani haijawahi kuingia baharini."

"Unasema nini?"

"Nimeifungua. Chuma kilicholala baharini hakifunguki, chumvi inakila mpaka ndani. Hii skrubu zake zimetoka. Na tumboni..."

Kumwambia mtu mzima jambo la kumuumiza ni kazi inayomshinda binti huyu.

"Tumboni kulikuwa na nini? Sema."

"Udongo, mama. Mchwa walikuwa wamejenga humo."

Bi Dija alimkazia macho mpaka Vaileth akainamisha kichwa.

"Mchwa hawaishi baharini," alisema.

"Hapana, mama."

"Huo udongo uko wapi?"

"Niliufagia. Nikaumwaga jaani. Nisamehe, sikujua."

Bi Dija alitoka uani, akainama juu ya jaa la taka, akayasogeza maganda ya vitunguu kwa mkono wake. Akachota konzi ya udongo wa kijivu, akaufunga kwenye pindo la kanga kama mtu anayefunga nauli.

"Vaa viatu," alisema. "Unipeleke ulikoinunua."

*

Medard alikuwa amejilaza kwenye kiti cha gari kisicho na gari, katikati ya mafriji na mabati yaliyokunjamana. Alipomwona Vaileth akacheka.

"Mwalimu! Imekushinda? Hapa mali ikitoka hairudi, tuelewane kabisa."

"Sijaja kuirudisha. Nataka kujua nani alikuletea."

"Dada yangu, muuza chakavu haulizi watu maswali. Akianza kuuliza, atakula mabati."

"Mwanangu," Bi Dija aliingilia, "mama yako yuko hai?"

"Yupo. Yuko Rombo."

"Siku akisimama mbele ya kijana wa watu anaulizia alipolala mumewe, ungependa ajibiwe hivyo?"

Medard aliinuka kwenye kiti. Alimtazama Vaileth, akamwona yuko karibu kulia, akajua si mchezo.

"Fundi Amedeus," alisema. "Anajenga kule kwenye viwanja vipya. Walikuwa wanachimba shimo la choo, beleshi likagonga chuma. Wakapiga kelele, dhahabu ya Mjerumani! Walipoona ni cherehani walinuna kutwa nzima."

"Kiwanja cha nani?"

"Cha bwana mmoja wa Dar. Ila nasikia walikosea mpaka, shimo likaingia kwa jirani. Na jirani mwenyewe kaja leo asubuhi, amewaka! Anataka lifukiwe leo leo, na juu limwagwe zege. Zege ananunua yeye." Medard alikuna kichwa. "Mimi nimezaliwa, nimekua, sijaona mtu anayemnunulia mwenzake zege."

Bi Dija alikwisha kugeuka. Alikuwa anaita bodaboda kwa mikono yote miwili.

*

Waliposhuka, Bi Dija hakwenda hatua moja. Alisimama akitazama ua wa minyaa uliozunguka kipembe cha ardhi tupu, nyumba mpya zikiwa zimekizingira pande zote.

"Nini, mama?"

"Hili ni shamba la mume wangu."

"La Rehani?"

"La Masoud."

Vaileth aliugeukia ule ua wa minyaa.

"Lilikuwa kubwa, linafika mpaka kule barabarani," Bi Dija aliendelea, kama anayejisemea mwenyewe. "Ameliuza lote. Kasoro kipande hiki. Madalali walikuja mpaka wakachoka. Halimi kitu humu, hata mchicha. Ila kila mwaka, mwezi wa Shaabani ukiingia, anachukua panga anakuja kufyeka. Namuuliza, unafyekea nini shamba usilolima? Ananiambia, nimezoea tu."

"Kwa nini mwezi huo?"

"Wewe ni Mkristo, mwanangu, hujui. Kabla ya Ramadhani watu huenda kufyeka makaburi."

Ndani ya ua Amedeus alikuwa anageuza zege kwa beleshi, ameloa jasho. Kando ya shimo, juu ya ndoo iliyopinduliwa, alikaa mzee mwenye kofia ya kufumwa na fimbo magotini. Alipomwona mkewe hakushtuka.

"Mama Habiba," Masoud alisema. "Umekuja na nini, jua hili?"

"Cherehani nimeiona."

Masoud aliitazama fimbo yake.

"Amedeus," akasema, "mimina."

Amedeus akashika toroli.

"Amedeus, mwanangu," alisema Bi Dija, "ukimimina hapo, unammiminia mtu."

Toroli likasimama.

"Mzee, mama anasema kuna mtu humu?"

"Mimina! Tumepatana nini mimi na wewe?"

"Tulipatana nifukie shimo, mzee. Hatukupatana nizike."

Bi Dija alivua viatu, akakunja gauni, akateremka shimoni kwa ngazi ya miti. Umri wake si wa kushuka mashimo. Vaileth akamfuata, hana namna ya kumwacha. Chini kulikuwa na ubaridi na harufu ya mizizi. Bi Dija akafungua pindo la kanga, akausogeza ule udongo kwenye ukuta wa shimo. Rangi ni ile ile. Kijivu, chembechembe, kazi ya mchwa.

"Ile cherehani mliitoa wapi?"

Amedeus alishuka, akaonyesha uwazi ukutani, usawa wa kiuno. Akaanza kuparua kwa vidole, udongo ukiporomoka taratibu. Ghafla mkono wake ukarudi nyuma kama ulioungua.

Alichogusa kilikuwa cheupe.

"Yesu na Maria!" Amedeus alipanda ngazi bila kugeuka, akajipiga ishara ya msalaba huku anakimbia. "Namwita mwenyekiti wa mtaa! Msiguse! Naenda kumwita mwenyekiti!"

Beleshi lake lilibaki limesimama wima kwenye lundo la udongo, hapo hapo alipokaa Masoud.

*

Vaileth ni mwoga. Yeye mwenyewe hulikubali hilo. Lakini macho yake yamezoea nguo, na kabla woga haujamzuia alikwisha kuona kwamba kile cheupe si mfupa.

"Ni kitambaa," alisema kwa sauti ndogo. "Tetroni, mama, ya nyuzi za plastiki. Cha kanzu. Ndiyo maana hakijaoza."

"Alibeba jora zima. La kanzu za Idi."

"Kimezungushwa. Kimefungwa hapa juu, na naona fundo jingine kule ndani."

"Amelala ubavu gani?"

Vaileth alisogeza udongo kidogo tu, kwa ncha za vidole, kama anavyosogeza kutu kwenye sindano.

"Wa kulia, nafikiri. Ameelekea kule." Akanyoosha mkono upande wa kaskazini.

Kibla.

Bi Dija alijiegemeza ukutani, akateleza mpaka chini. Usiku wa miaka yote ile alikuwa na jambo moja lililomkosesha raha, kwamba mumewe aliondoka bila kuoshwa, bila sanda, samaki ndio waliomsitiri. Kumbe alikuwa amelazwa vizuri kuliko wengi. Aliinua uso kuelekea juu, mahali kofia ilipoonekana kwenye ukingo wa shimo.

"Masoud. Ulimwosha?"

"Nilimwosha."

"Nani alikusaidia?"

"Hakuna. Nilichota maji kisimani, nikamwosha, nikamvika kile kitambaa chake, nikamsalia peke yangu. Cherehani nikaizika juu ya kichwa chake ili asitengane nayo."

"Ulimuua?"

"La!" Fimbo ikagonga udongo. "Wallahi, sikumgusa! Alipita hapa kuniaga. Tuliketi hapa hapa, chini ya mkorosho uliokuwepo. Akafungua chakula ulichomfungia, akala. Haikupita muda akaanza kutapika. Miguu haimbebi, macho hayaoni. Amekata roho amelala mapajani pangu, Dija. Ni ile mihogo ya nazi uliyompikia. Ilikuwa michungu. Ilikuwa na sumu."

Vaileth alimgeukia Bi Dija.

"Ningekwambiaje?" Masoud alikuwa analia sasa, analia kweli, machozi yanapita kwenye ndevu. "Nije nikwambie umemuua mumeo kwa mkono wako? Askari wakuchukue, Habiba anatambaa? Siku ya pili yake nikasikia ile boti imezama. Nikasema alikuwemo. Uongo mmoja, Dija, na nyie mkapona. Nimeubeba mpaka mgongo umepinda. Kwa ajili yako."

Bi Dija alinyoosha mkono, akauweka juu ya kitambaa cheupe, akaanza kukipangusa udongo kama anavyopangusa mama uso wa mtoto aliyelala.

"Siku ile nilikuwa nimefunga," alisema. "Nilikuwa nalipa funga zangu za Ramadhani iliyopita. Sikuonja. Nimempikia mume wangu chakula cha safari na sikukionja."

"Mama, hukujua," Vaileth alinong'ona.

"Naye asingesema. Rehani hajawahi kukitia dosari chakula changu. Hata kikiungua, anamaliza, ananiambia ahsante. Aliusikia uchungu ule mdomoni, mwanangu. Aliusikia, na akamaliza."

Vaileth alilia. Alikumbuka alivyoipangusa ile cherehani jana akiimba. Alitaka tu kuisikia ikishona. Angemwacha Medard aiuze kwa kilo, ikayeyushwe, mama huyu angekufa na amani yake.

Nawe, msomaji, huenda ungemhurumia Masoud pale pale. Vaileth alimhurumia. Alikuwa ameshatoa simu mfukoni ili ampigie Habiba huko Chalinze alikoolewa, aje wamtoe baba yake wamzike mbele ya watu.

Mkono wa Bi Dija ukaacha kupangusa.

"Masoud."

"Naam, mke wangu."

"Mihogo yangu ya uani mwaka ule iliharibiwa na nguruwe."

Vijiwe viliporomoka kutoka ukingoni alipokaa Masoud.

"Mihogo niliyompikia Rehani ililetwa nyumbani alfajiri, ndani ya kikapu, imeshamenywa na kuoshwa. Nikashukuru. Nikasema, rafiki wa mume wangu ana roho nzuri, hata kumenya kaniondolea."

"Nilikosea shina," Masoud alisema haraka. "Giza, Dija. Mihogo mitamu na michungu majani yake ni yale yale. Nilikosea. Mungu ni shahidi yangu."

"Inawezekana."

"Nilikosea!"

"Nimekwambia inawezekana." Bi Dija alisimama. Alikuwa amechafuka udongo mpaka nywele, lakini sauti yake ilikuwa tulivu, ile ya kumuuliza mtu kama chai imetosha sukari. "Lakini mimi namjua Rehani. Hawezi kufungua chakula mbele ya mtu asimkaribishe. Hata mpita njia. Hata mtu aliyegombana naye. Angekusogezea bakuli, angekwambia Masoud, karibu, na asingetia tonge mdomoni mpaka wewe unyooshe mkono."

Kofia juu ya shimo haikutikisika.

"Alikukaribisha, Masoud. Mimi nilikuwa nimefunga. Wewe ulikuwa na nini hata usile?"

Upepo ulipita kwenye minyaa. Amedeus alikuwa hajarudi. Zege lilikuwa limeanza kushika kwenye toroli.

Mzee Masoud aliinuka kwenye ndoo, polepole, akipangusa kanzu yake. Hakulitazama kaburi, wala hakumtazama mkewe. Alimtazama Vaileth, akaitazama simu iliyokuwa mkononi mwake, halafu akainama, akaivuta ngazi ya miti juu kwa mkono mmoja.

Kwa mkono wa pili aling'oa beleshi.